Tairi za baiskeli ya mbio kwa safari ndefu

Tairi za baiskeli ya mbio kwa safari ndefu ni tairi zinazochaguliwa ili mwendeshaji aweze kukaa juu ya baiskeli nyepesi ya barabarani kwa saa nyingi bila kuchoshwa na mtikisiko, na bila kupoteza kasi wala usalama. Baiskeli ya mbio haina springi. Kwa sababu hiyo hewa iliyomo ndani ya tairi ndiyo kinga kubwa kati ya barabara na mikono, mgongo na makalio ya mwendeshaji.

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hasa kati ya Iringa na Mbeya, uchaguzi huo una uzito wa pekee. Miji iko mbali, sehemu kubwa ya barabara ina lami yenye kokoto zinazokwaruza, miteremko ni mirefu, na njia kuu hutumiwa na malori mengi. Mwendeshaji aliyekufa ganzi vidoleni hushika breki vibaya, na tairi iliyopasuka kwenye mteremko inaweza kumwangusha mbele ya gari.

Historia fupi

Hataza ya kwanza ya tairi ya hewa ilitolewa kwa Robert William Thomson wa Uskoti katika miaka ya 1840, lakini haikuenea. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi ya hewa kwa ajili ya baiskeli. Lengo lake la kwanza lilikuwa kupunguza mtikisiko. Baada ya muda mfupi ikaonekana kwamba tairi hiyo pia ilikuwa na kasi kuliko zile za mpira mtupu.

Mwaka 1891 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilileta tairi inayoweza kubanduliwa na kuzibwa pancha njiani. Mwaka huohuo Charles Terront alishinda mbio za Paris–Brest–Paris, zenye urefu wa kilomita takriban 1,200, akitumia tairi hizo.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wanamichezo waliamini kwamba tairi nyembamba iliyojazwa upepo mwingi ndiyo yenye kasi. Upana wa milimita 20 hadi 23 ulikuwa wa kawaida. Kuanzia miaka ya 2010 timu za kulipwa zilihamia milimita 25, na katika miaka ya 2020 upana wa milimita 28 au zaidi umekuwa wa kawaida hata katika mbio kubwa.

Jinsi tairi inavyoleta starehe

Tairi hufanya kazi kama mto wa hewa. Inapopita juu ya kokoto, mwili wake hubonyea, kisha hurudi katika umbo lake. Ikiwa imejazwa kupita kiasi haibonyei. Badala yake baiskeli nzima pamoja na mwendeshaji huinuliwa kidogo kila inapogonga kitu. Kurushwa huko juu na chini hula nguvu ya mwendeshaji, maana misuli yake ndiyo inayolazimika kufyonza mtikisiko.

Kwa hiyo kuna aina mbili za upotevu wa nguvu. Ya kwanza hutokea ndani ya tairi yenyewe, pale mpira na nyuzi zinapokunjwa na kukunjuliwa. Hii huongezeka upepo ukiwa mdogo. Ya pili hutokea mwilini mwa mwendeshaji kwa sababu ya mtikisiko. Hii huongezeka upepo ukiwa mwingi. Kwenye lami laini sana ile ya kwanza ndiyo muhimu zaidi. Kwenye lami ya kukwaruza ile ya pili hukua haraka, na tairi ngumu kama jiwe huwa ya polepole ingawa mwendeshaji huhisi kwamba anakwenda kasi kwa sababu ya mitetemo.

Upana una faida kwa sababu ya ujazo. Eneo la mkato wa tairi hukua kwa mraba wa upana wake: tairi ya milimita 28 hubeba hewa karibu nusu zaidi kuliko ya milimita 23, na ya milimita 32 hubeba karibu theluthi mbili zaidi kuliko ya milimita 25. Hewa nyingi inaweza kubeba uzito uleule kwa shinikizo (kanieneo) dogo zaidi bila rimu kugonga barabara.

Barabara za Nyanda za Juu Kusini

Barabara kuu ya TANZAM hutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya hadi Tunduma kwenye mpaka wa Zambia. Umbali kati ya Iringa na Mbeya ni kilomita takriban 330. Barabara hii hubeba malori yaendayo Zambia na Kongo. Vijijini kuna matuta ya kupunguza mwendo, mara nyingi yakitanguliwa na matuta madogo ya mfululizo, ambayo kwa tairi nyembamba ni sawa na kupigwa nyundo mkononi. Pembezoni, anakolazimika kupita mwendesha baiskeli, hukusanyika mchanga, vioo na nyuzi za chuma kutoka kwenye tairi za malori zilizopasuka.

Mashariki mwa Iringa barabara hiyohiyo hupita mlima wa Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, wenye kona kali na mteremko mrefu. Upande wa Mbeya, barabara kutoka Uyole kwenda Tukuyu na Kyela hupanda Milima ya Uporoto hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka kuelekea Ziwa Nyasa, ambako mwinuko ni chini ya mita 600. Eneo la Rungwe ni kati ya yale yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, kwa hiyo lami yenye maji ni jambo la kawaida huko. Barabara ya Mbeya–Chunya nayo hupanda mlima mkali muda mfupi baada ya kutoka mjini.

Kutoka Iringa kwenda Dodoma kupitia Mtera, njia hushuka kutoka mwinuko wa mita 1,500 hivi hadi kwenye bonde lenye joto na miti ya miiba, karibu na mita 700.

Lami yenyewe si ya aina moja. Lami ya zege huwa laini. Lami nyepesi, ambayo hutengenezwa kwa kumwaga lami ya maji na kusambaza kokoto juu yake, huwa na uso wa kukwaruza na hutikisa baiskeli mfululizo. Nje ya lami ziko njia za vumbi na changarawe. Ile ya kona 57 kutoka Chimala kwenda Matamba, karibu na tambarare ya Kitulo, ni maarufu.

Safari ya Tour d'Afrique, kutoka Cairo hadi Cape Town, iliyoanza mwaka 2003, imekuwa ikipita Mbeya kabla ya kuingia Malawi. Washiriki wa safari za aina hiyo hukutana na lami laini, lami ya kukwaruza na vumbi katika safari moja, na kwa hiyo huwa na sababu ya kubeba tairi pana kuliko zile za mbio za siku moja.

Kusoma vipimo vya tairi

Kosa la kawaida ni kununua tairi kwa kutaja inchi pekee. Maandishi kama "28" yanaweza kumaanisha tairi mbili zisizoingiliana kabisa. Njia salama ni kutafuta namba za kimataifa zilizochapwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 28-622. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita; ya pili ni kipenyo cha mahali ukingo wa tairi unapokaa kwenye rimu.

Vipenyo vinavyoonekana mara nyingi Afrika Mashariki ni hivi:

- 622: baiskeli za mbio za kisasa, zinazojulikana pia kama 700C. Baiskeli za milimani za inchi 29 nazo hutumia kipenyo hiki.
- 630: baadhi ya baiskeli za zamani za mbio na za mjini za inchi 27, ambazo huletwa zikiwa mitumba.
- 635: baiskeli nzito za kubebea mizigo za inchi 28, kama vile Phoenix kutoka China na nyingine kutoka India, ambazo zimeenea vijijini.
- 590: baiskeli za mjini za inchi 26 zenye tairi nyembamba.
- 559: baiskeli za milimani za inchi 26.

Tofauti kati ya 622 na 635 ni milimita 13 tu, lakini inatosha. Tairi ya 635 hulegea juu ya rimu ya 622 na inaweza kuchomoka, na tairi ya 622 haiwezi kuvishwa kwenye rimu ya 635. Hii ina maana kwamba mwenye baiskeli ya mbio anaweza kumkuta fundi hodari mwenye tairi nyingi katika kituo cha njiani na bado asipate hata moja inayomfaa. Tyubu huvumilia zaidi: yenye upana unaokaribiana inaweza kutumika kwa dharura hata ikiwa kipenyo kinatofautiana kidogo.

Kuchagua upana

Kanuni rahisi ni kuchagua tairi pana kadiri fremu, uma wa mbele na breki zinavyoruhusu, mradi ibaki nafasi ya kutosha kuizunguka. Nafasi ya milimita 4 hivi kila upande husaidia tope na kokoto zilizonata zisikwaruze fremu. Tairi ikipimwa baada ya kuvishwa inaweza kuwa pana au nyembamba kuliko maandishi yake, kwa kuwa rimu pana huitanua.

Baiskeli nyingi za mbio za miaka ya 1990 na 2000, ambazo hupatikana kama mitumba, zina breki ndogo za rimu zinazoruhusu milimita 25, na mara nyingine 28. Baiskeli za kisasa zenye breki za diski huruhusu milimita 30 hadi 35, na nyingine zaidi.

Kwa matumizi ya Iringa na Mbeya upana unaweza kupangwa hivi:

- Milimita 25 hutosha kwa lami laini na mwendeshaji mwepesi, au pale ambapo breki haziruhusu zaidi.
- Milimita 28 hufaa kwa safari ndefu za lami, ikiwa ni pamoja na TANZAM.
- Milimita 30 hadi 32 hufaa kwa lami nyepesi ya kukwaruza, mvua, mwendeshaji mzito au baiskeli yenye mizigo.
- Milimita 35 au zaidi hufaa pale ambapo safari inaunganisha lami na changarawe.

Upana unaongeza uzito, lakini kidogo. Gramu 50 au 100 za tairi huonekana kwenye mizani kuliko mlimani, ambapo mwendeshaji, baiskeli na chupa za maji kwa pamoja hufikia kilo 80 au 90.

Mwili wa tairi na mpira wake

Tairi mbili zenye upana mmoja zinaweza kutofautiana sana. Mwili wa tairi hufumwa kwa nyuzi. Nyuzi nyembamba zilizosongamana pamoja na mpira mwepesi hufanya tairi iwe laini na inayobonyea kwa urahisi. Tairi hiyo huleta starehe na kasi, lakini ubavu wake hukatwa kwa urahisi. Nyuzi nene na tabaka nene la kinga huzuia pancha, lakini hufanya tairi iwe ngumu na nzito.

Kwa safari za mbali na miji, wengi huchagua katikati: tairi laini yenye utepe wa kinga chini ya sehemu inayogusa barabara. Kinga hiyo ni muhimu kwa sababu ya miiba ya migunga na mbigili, ambao mbegu zake zenye miiba migumu hutawanyika pembezoni mwa barabara, na vilevile kwa sababu ya nyuzi za tairi za malori.

Meno ya tairi hayana faida kubwa kwenye lami. Tairi ya baiskeli ni nyembamba na ya mviringo kiasi kwamba hukata maji yenyewe. Kinachoshika lami yenye maji ni ubora wa mpira, eneo la mgusano na shinikizo lisilozidi. Meno husaidia pale tu yanapoweza kuzama, yaani kwenye tope na vumbi.

Shinikizo la upepo

Tairi nzuri iliyojazwa vibaya haina starehe. Mtafiti Mmarekani Frank Berto alipendekeza kipimo kinachotumiwa na wengi: tairi ijazwe kiasi kwamba inapobeba uzito, kimo chake kipungue kwa takriban asilimia 15. Gurudumu la nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi, kwa hiyo huhitaji upepo zaidi kuliko la mbele.

Kwa uzito wa jumla wa kilo 85 hivi (mwendeshaji, baiskeli na vifaa) kwenye lami ya kukwaruza, viwango vya kuanzia vinaweza kuwa:

- Milimita 25: psi 80 mbele na 85 nyuma (bar 5.5 na 5.9).
- Milimita 28: psi 67 mbele na 72 nyuma (bar 4.6 na 5.0).
- Milimita 32: psi 53 mbele na 58 nyuma (bar 3.7 na 4.0).

Mwendeshaji mzito huongeza na mwepesi hupunguza. Ishara ya upepo mdogo mno ni rimu kugonga kwenye shimo au baiskeli kuyumba kwenye kona. Ishara ya upepo mwingi mno ni tairi kurukaruka kwenye lami ya kukwaruza na vidole kufa ganzi. Namba ya juu iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, si pendekezo. Rimu zisizo na ndoana ukingoni zina kikomo cha chini zaidi, yaani bar 5 (psi 72.5), na huhitaji tairi zilizotengenezwa kwa ajili yake.

Joto na mwinuko hubadilisha shinikizo. Tairi iliyojazwa bar 5 asubuhi ya baridi Iringa, kwenye nyuzi 11 za selsiasi, hupata takriban bar 0.4 zaidi ikifika Mtera mchana kwenye nyuzi 31. Kwa kuwa Mtera iko chini, uzito wa angahewa huko ni mkubwa zaidi na hupunguza kama bar 0.1. Ongezeko linalobaki ni bar 0.3 hivi, yaani psi 4 au 5. Kiasi hicho si cha kupasua tairi nzima, lakini kinatosha kuondoa starehe, na ni sababu ya kutoanza safari tairi ikiwa kwenye kikomo chake.

Tyubu, tairi zisizo na tyubu na valvu

Tyubu za kawaida za mpira wa butili ni za bei nafuu, hushika upepo kwa siku nyingi na huzibwa kwa kiraka na solusheni ambayo kila fundi anayo. Tyubu za mpira wa lateksi ni laini zaidi, lakini hupoteza upepo ndani ya siku moja, na hazifai kwa breki za rimu kwenye miteremko kama Kitonga au Uporoto, kwa sababu rimu hupata joto kali.

Tairi zisizo na tyubu hutiwa majimaji ya kuziba yanayofunga matundu madogo yenyewe. Huruhusu shinikizo dogo na huokoa muda penye miiba. Kasoro yake ni kwamba majimaji hukauka baada ya miezi michache, mapema zaidi penye joto, na kuvisha tairi upya huhitaji upepo wa ghafla ambao pampu ndogo ya mkono haiutoi. Hata mwenye tairi hizo hubeba tyubu moja kwa dharura.

Valvu nayo huleta shida. Baiskeli za mbio hutumia valvu nyembamba ya Presta, lakini pampu za vituo vya mafuta na za mafundi wa bodaboda zimetengenezwa kwa valvu ya gari. Kiunganishi kidogo cha shaba kinachofungwa juu ya Presta huwezesha kujaza upepo karibu mahali popote. Ni chepesi kama sarafu, na kinaweza kuokoa safari nzima. Upepo wa mashine hizo ujazwe kidogo kidogo, maana tairi ya baiskeli hujaa kwa sekunde chache.

Usalama na matunzo

Tairi ya mbele ndiyo yenye hatari zaidi ikipasuka, kwa sababu mwendeshaji hupoteza uelekeo. Kwa hiyo tairi bora na mpya huwekwa mbele, na ile iliyotumika huhamishiwa nyuma, ambako huchakaa haraka zaidi. Tairi iliyokuwa kipara, yenye nyuzi zinazoonekana au iliyovimba ubavuni haifai tena. Tairi za mitumba zenye nyufa ndogo zimekauka kwa jua na muda, hata kama uso wake unaonekana mzima.

Kabla ya mteremko mrefu inafaa kusimama na kupapasa tairi zote mbili. Wakati wa kushuka, kubana breki kwa vipindi, mbele na nyuma, hupunguza joto la rimu kuliko kuzishikilia muda wote. Baada ya kupita penye mchanga au vioo, kukagua tairi na kung'oa vipande vilivyonata huzuia pancha ambayo ingetokea kilomita kadhaa mbele.

Kwa safari ya siku moja kati ya miji ya Nyanda za Juu Kusini, vifaa vya msingi ni tyubu mbili za kipimo sahihi, viraka na solusheni, tairileva, pampu ya mkono, kiunganishi cha valvu na kipande cha tairi kuukuu. Kipande hicho huwekwa ndani ya tairi iliyochanika ili tyubu isichomoze. Kwa safari ya siku kadhaa, tairi moja ya akiba inayokunjika huongezwa, kwa kuwa kipimo cha 622 chenye upana unaofaa hakipatikani kwa uhakika nje ya miji mikubwa.